Jibu Langu la Swali la Saba

Mwanangu Kemilembe,

Futa jibu langu la swali la saba. Nimelitanguliza hili hata kabla ya salamu, ili ukiishia mstari wa kwanza uwe umelipata. Jumanne iliyopita, wewe umekaa kwenye kigoda na dodoso lako la chuo mapajani, mimi kwenye benchi la nje, uliniuliza: "Je, kuna mtu aliyewahi kushutumiwa kuharibu bomba la maji hapa kijijini? Ushahidi ulikuwa nini?" Nikakujibu, "Yuko mzee mmoja, ilidhaniwa ni yeye. Ushahidi sikumbuki." Ukaandika kwa ule mwandiko wako wa kulalia kulia, ukasema ahsante, ukaenda swali la nane. Mwanangu, nakumbuka. Nakumbuka kuliko ninavyoikumbuka siku ya harusi yangu, na hilo usimwambie mama yako.

Sasa salamu. Hujambo, mama? Mimi sijambo, tena nimepitiliza. Tangu barua ya chuo ilipofika nimekuwa kama mtu aliyeonja pombe ya rubisi kabla ya chai. Juzi nilimwamkia mbuzi shikamoo, nikidhani ni bibi wa jirani ameinama kwenye migomba. Barua yako nimewasomea watu kanisani baada ya ibada, nimeisoma kwenye mashine ya kusaga, na nimemsomea bwana mmoja wa Kiruruma ambaye alikuja tu kuulizia tairi la baiskeli. Kila mmoja ananiuliza, "Anakwenda kusomea nini?" Nasema, "Utafiti!" "Utafiti wa nini?" "Wa kila kitu!"

Maana ndivyo nilivyokuelewa ulipotueleza mezani. Ulisema huko chuoni mtakuwa kundi moja: mhandisi, mtu wa huduma za umma, mwanasheria wa haki za watu, na mwingine anayesoma mambo ya usalama. Mama yako akauliza, "Na hao wote mtakaa chumba kimoja?" Ukasema, "Meza moja, mama. Tukiangalia kitu kimoja." Akatikisa kichwa, akasema mhandisi na mwanasheria wakikaa meza moja chakula kitapoa. Ulicheka sana. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni nilishtuka, kwa sababu hayo mambo yako yote manne nimewahi kuyaona mahali pamoja. Yalikuwa ndani ya ufa wa bomba mmoja, hapa hapa Nyabiyonza, nawe ulikuwa darasa la nne.

Nakuandikia mchana, nimekaa kando ya chanja za kahawa. Kila nikimaliza ukurasa nainuka kuigeuza kahawa ikauke. Ndani mama yako na shangazi zako wanamenya ndizi za kuaga, na kelele zao unazisikia mwenyewe huko ulipo. Maagizo ya safari wamekwisha kukupa: sweta, dawa, nani wa kumpigia ukifika Bukoba, nani wa kutomwamini stendi. Sina la kuongeza hapo. Nina hili moja tu, na ni refu.

Unajua kwamba nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Hujui kwa nini nilichaguliwa. Sikuwa na busara kuliko wengine. Nilikuwa na mwandiko mzuri na Kiswahili kisichokwama. Wazee wetu wengi wakati ule walikisikia Kiswahili lakini wakitakiwa kukizungumza mbele ya mgeni waliona haya, wakarudi kwenye Kinyambo. Kwa hiyo mgeni yeyote aliyekuja na karatasi, mpima ardhi, bwana afya, mtu wa mradi, aliletwa kwangu. Nilikuwa mdomo wa kijiji. Mtu akishakuwa mdomo wa wengine, mwanangu, haichukui muda kabla hajaanza kula kwa ajili yao pia.

Walipokuja wapimaji wa bomba, kabla hata shimo moja halijachimbwa, waliniomba niwazungushe nyumba kwa nyumba. Walikuwa na maswali kama yako: mnachota wapi, mnatembea muda gani, mnahitaji nini. Huku kwenye vibanja vya migomba mambo yalikwenda vizuri. Kisha tukavuka bonde, tukapanda kule kwenye nyika ya malisho, rweya, kwa wafugaji. Tulifika kwa Katabarwa. Unamfahamu kwa sura, yule mzee mrefu mwenye mkono wa kushoto uliopinda, anayepita na ng'ombe wake asiangalie nyumba yetu. Siku hiyo mkono ule ulikuwa mzima.

Aliyezungumza alikuwa mke wake, Mama Asimwe. Alizungumza kirefu. Alisema chemchemi mnayotaka kuifunga ndiyo inayolisha kijito, na kijito ndicho wanachonywea ng'ombe wetu. Mkiyaingiza maji yote kwenye bomba, kiangazi ng'ombe watakwenda wapi? Tujengeeni birika la kunyweshea, hata dogo, bomba litapita hapa hapa mbele yetu. Alionyesha kwa kidole mahali penyewe.

Mpimaji akanigeukia. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anashukuru kwa mradi."

Yule kijana mpimaji akamtazama Mama Asimwe, akanitazama mimi. "Maneno yote yale, maana yake hiyo tu?"

"Hiyo tu. Kinyambo kina maneno mengi."

Kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana. Sikuwachukia. Nadhani niliona kwamba birika litachelewesha mradi, na mimi nilitaka maji yafike kabla ya Krismasi ili kila mtu aseme katibu ameleta maji. Halafu kulikuwa na lile la chini kabisa, ambalo sisi wenye migomba tulikuwa tunaambizana bila kulisema: kwamba wale wa rweya ni watu wa kuja, hata kama babu yake Katabarwa amezikwa pale. Mtu wa kuja hatumpi birika, tunampa njia ya kupita. Nililifikiri hilo, Kemilembe. Nilikuwa mtu mzima, mzee wa kanisa, nikalifikiri.

Maji yalifika kabla ya Krismasi. Bomba lilitoka mlimani, likapita kwenye rweya, likateremka lile bonde refu, likapanda huku kwetu kwenye vituo vitatu vya kuchotea. Unakumbuka siku ya kwanza? Mama yako alijaza ndoo, akaimwaga, akaijaza tena, kwa raha ya kuijaza tu. Mimi nilipewa kiti cha mbele.

Kiangazi kilichofuata kijito kilikauka, kama alivyosema Mama Asimwe.

Asubuhi moja wanawake walirudi na ndoo tupu. Maji hayatoki. Tukateremka bondeni wanaume kama kumi, mimi nikiwa mbele. Tuliona utelezi kabla ya kuona bomba. Eneo lote limelowa, bomba la kijivu limechomoza udongoni likiwa na ufa mrefu kama wa urefu wa mkono wangu, na kwato za ng'ombe zimejaa kila mahali. Na Katabarwa mwenyewe yupo, na ng'ombe wake wananywa kwenye dimbwi.

Nataka ulielewe hili vizuri kwa sababu ndilo jibu la swali lako. Niliona ufa. Niliona kwato. Niliona mtu na fimbo yake ya kuchungia. Sikuona panga. Hakuwa na panga.

Tukarudi, tukaita mkutano. Watu walikuwa wamewaka. Akasimama mwenyekiti wa kamati, akauliza, "Nani ameona?" Watu walinitazama mimi, maana nimezoea kusema. Na mimi nilikuwa na hasira, na aibu, kwa sababu maji yalikuwa yangu, sifa yangu, na sasa yamekatika. Nikasimama nikasema, "Nimemwona kwa macho yangu. Katabarwa, na panga mkononi."

Sentensi moja. Wakaenda hata kabla sijakaa.

Sikushika fimbo. Nimejifariji na hilo kwa miaka mingi, kwamba sikushika fimbo. Lakini walioshika walishika kwa neno langu. Walimkuta bado bondeni. Mkono wa kushoto ulivunjwa pale, alipouinua kujikinga. Ng'ombe wakatawanyika, wawili hawakuonekana tena. Walipokuja askari kumchukua, mkubwa wao alikuwa mgeni wa kutoka mbali, hajui Kinyambo. Katabarwa, ameshika mkono wake, akamweleza: nimefika alfajiri nimekuta bomba limepasuka lenyewe, maji yanaruka juu kama mti, nikawaachia ng'ombe wanywe kwa sababu yalikuwa yanamwagika bure. Alieleza kila kitu. Watu wote walisikia, hakuna aliyesikiliza.

Askari akaniuliza mimi. "Anasemaje?"

Nikasema, "Anakana."

Alikaa mahabusu siku nne. Walinitaka niende kuandika maelezo yangu na kuyatia saini. Nikasema naumwa. Na kweli niliumwa, lakini si ugonjwa wa kumeza dawa. Kwa kuwa hapakuwa na maelezo, walimwachia. Akarudi bila mtu yeyote kumwambia huna kosa. Bomba likaungwa, maji yakarudi, sisi tukaendelea kuchota. Familia yake ikaacha kusali kwetu, ikawa inatembea hadi Rugera kila Jumapili, mvua na jua.

Sasa nafika kwa mtu unayempenda. Mwaka uliofuata alikuja Injinia. Wote tulimwita hivyo, Injinia, yule dada mwembamba mwenye buti za mpira nyekundu, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekuwa anapima mabomba ya vijijini. Ulimfuata hadi tukakukosa mezani. Nakumbuka ulimuuliza, "Injinia, maji na ng'ombe, nani ana nguvu?" Akakujibu kwa uso mkavu kabisa, "Inategemea maji yametoka juu kiasi gani." Ukaja nyumbani ukalirudia jibu hilo wiki nzima.

Kufikia hapo bomba lilikuwa limeshapasuka mara mbili nyingine, pale pale bondeni, na safari hizo hapakuwa na ng'ombe karibu. Kamati tulisema ni watu wake wanalipa kisasi. Injinia alitaka kuliona bomba kwa macho yake. Aliomba nimpeleke. Alichuchumaa kwenye kipande cha zamani tulichokitupa kando, kile cha kwanza, akakigeuza geuza.

"Baba Kemi, shika hapa. Pitisha kidole kwenye ufa. Kingo zimeelekea wapi?"

Nikapitisha. "Nje."

"Panga likikata, kingo zinaelekea wapi?"

Nikapitisha kidole tena.

"Zinaingia ndani," akasema. "Na panga hukata kwa kukingama. Hili limechanika kwa urefu. Hili halikukatwa, baba. Limepasuliwa na kilichokuwa ndani."

Kisha akafunga kifaa chake kwenye maungio, kile chenye mshale kama saa. Akapiga simu huko juu, akaomba watu wafunge vituo vyote vitatu. Mshale ukaanza kupanda. Ukapita alama ya kijani, ukapita ya njano, ukaingia kwenye nyekundu, ukaendelea. Akanieleza kwa maneno ya kawaida: mlima ni mrefu, bonde ni la chini sana, na hapakujengwa tangi dogo la katikati la kupunguza presha. Mchana watu wanachota, maji yanapata pa kutokea. Usiku mmelala, vituo vyote vimefungwa, uzito wote wa mlima unakuja kukaa hapa. Ndiyo maana kila mara mnakuta limepasuka asubuhi.

"Wangapi walijua lilipasuka alfajiri?" aliuliza. "Kuna mtu aliyelikuta mapema likimwaga?"

Alikuwepo mtu. Mtu huyo alituambia, mbele ya askari. Mimi nilikuwa nimeshika kile kipande cha bomba na kidole changu bado kiko kwenye ufa. Na nitakuambia kitu ambacho sijamwambia mtu: sikuwa nimejua siku hiyo tu. Kingo zile nilikuwa nimeziona siku ya kwanza. Mimi ni mkulima, nimekata migomba maisha yangu yote, najua panga linavyokata. Niliona, nikaamua sijaona.

Nilimwambia Injinia, "Hapana. Hakuna aliyeona."

Ripoti yake ilikuwa kitu cha ajabu. Alikuja kuisoma mkutanoni, akabandika michoro kwenye mti wa kanisa. Tangi la presha lijengwe hapa. Birika la ng'ombe lijengwe hapa, kwa sababu maji yanayozidi kwenye tangi yanatosha kulilisha. Alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Katabarwa, na mtu mwingine wa kutafsiri, nikajua kwa nini. Mahali alipochora birika ndipo hasa Mama Asimwe alipoonyesha kwa kidole miaka ile. Vyote viwili vilijengwa. Bomba halijapasuka tena bondeni hadi leo. Tangu birika lijengwe, hakuna aliyempiga mwenzake kwa ajili ya maji. Huyo mwenzako wa mambo ya usalama akikuuliza kilichotuliza kijiji ni nini, mwambie ni saruji, kokoto, na dada mmoja aliyeuliza upya.

Mimi nilifanya nini? Niliombwa nizungumze kwa niaba ya kamati. Nikasimama, nikasema: "Ndugu zangu, ilidhaniwa kwamba bomba liliharibiwa na mtu, lakini imeonekana kwamba ni presha." Watu wakapiga makofi. Ilidhaniwa. Imeonekana. Sikia maneno hayo yalivyo masafi. Hayana mtu ndani. Nani alidhani? Nani aliona? Nimeishi ndani ya neno hilo, *ilidhaniwa*, kama panya ndani ya ghala, kwa miaka yote hii. Na Jumanne uliponiuliza nikakupa tena lile lile, nawe ukaliandika kwenye karatasi ya chuo kikuu.

Utaliona neno hilo sana huko uendako. Litakuja limevaa tai. Ukilikuta, mtafute mtu aliyejificha nyuma yake. Mara nyingi atakuwa mtu mwenye mwandiko mzuri, aliyekukaribisha vizuri, aliyekuzungusha nyumba kwa nyumba.

Sijakuandikia ili ulie. Nimekuandikia kwa sababu nina furaha mpaka siwezi kuibeba nikiwa na uongo huu chini yake. Wewe unakwenda kukaa na watu wanaotazama kitu kimoja kwa macho manne! Laiti mmoja tu kati yenu angekuwepo bondeni siku ile. Mhandisi angesema tazameni kingo. Mwanasheria angesema mleteni aliyeona, aapishwe. Mtu wa huduma angeuliza nani hakuhesabiwa wakati wa kupima. Na wa usalama angetuzuia tusishike fimbo kabla ya jua kupanda. Sisi tulikuwa na macho kumi na hakuna lililotazama. Nikikufikiria uko kwenye hiyo meza, naona nguvu za kugeuza chanja zote za kahawa kwa mkono mmoja.

Lakini kuna jingine, na hili ni la mwezi uliopita, si la zamani. Ulipokuja na dodoso, uliniomba orodha ya kaya za kuhoji. Ulisema, "Baba, wewe unawajua wote, niandikie." Nikakuandikia. Uliikunja ukaiweka kwenye begi, ukaanza kutembea. Itazame orodha hiyo sasa. Kaya za upande wa migomba zipo zote. Za rweya zipo tatu. Ya Katabarwa haipo. Sikuisahau.

Basi leo asubuhi, ulipokuwa umekwenda Kayanga kununua begi lako, nilivaa koti la kanisani, nikafunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, nikavuka bonde. Sijawahi kupanda kile kilima tangu siku ya wapimaji. Nilimkuta uani anakagua kwato za ndama.

"Katibu," akasema bila kusimama. Bado ananiita hivyo. "Leo umepotea njia?"

"Sikupotea, waitu," nikasema, kwa lile neno letu la heshima. "Nimekuja kwako."

Tukasalimiana kwa Kinyambo, zile salamu ndefu, habari za mvua, za mifugo, za watoto. Zilipokwisha hapakuwa tena na pa kukimbilia. Nikasema, "Siku ile ya bomba nilisema nimekuona na panga. Sikukuona."

Akaushusha mguu wa ndama. "Najua hukuniona. Mimi ndiye niliyekuwa pale."

"Kwa nini hukusema baadaye? Baada ya Injinia, kila mtu angekuamini."

"Nilisema. Nilisema siku ile ile, mkono wangu ukining'inia. Wewe ndiye uliyekuwa mkalimani."

Mama Asimwe alitoka ndani, alikuwa anasikia. Nilimpa ile kahawa kwa mikono miwili. Aliipokea, lakini hakuifungua, aliiweka juu ya ukuta kama mtu anayeweka kitu cha kumrudishia mwenyewe. "Miaka yote hii," akasema, "na umekuja na kahawa." Mwanangu, sikwenda kule nikitarajia kukumbatiwa, lakini jani lile juu ya ukuta lilinichoma kuliko tusi lolote.

Nikawaeleza kwamba unaondoka kesho, na unachokwenda kusoma, na kwamba nitakuandikia ukweli huu. Nikamwomba Katabarwa ruhusa, kwa kuwa habari ni yake kabla ya kuwa yangu. Akauliza, "Ni yule mtoto aliyekuwa anamfuata Injinia?"

"Ndiye."

"Amehoji kijiji kizima," Mama Asimwe akadakia. "Tumemwona anapita na karatasi zake. Hapa kwetu hakufika."

"Orodha nilimwandikia mimi," nikasema.

Walitazamana. Nilidhani watanifukuza. Badala yake Katabarwa alifanya kitu ambacho sikukitegemea, alianza kucheka, taratibu, kicheko cha mtu aliyechoka kukasirika. Akauliza, "Ana maswali mangapi?"

"Ishirini na mbili."

"Machache," akasema. "Mimi nina majibu zaidi ya hayo. Mwambie aje kabla hajapanda gari. Na aniulize kuhusu wale ng'ombe wawili pia, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Mama Asimwe alikuwa ameshaingia ndani. Kutoka huko nikamsikia akisema, si kwangu, "Aje mapema. Maziwa ya asubuhi hayangoji mtu."

Niliteremka kile kilima nusura nikimbie, mzee wa umri wangu, koti linapepea. Nimeongea na kijana wa bodaboda. Alikuwa aje saa nne, sasa atakuja saa kumi na mbili kamili asubuhi. Gari la Bukoba linaondoka Kayanga saa sita, kwa hiyo una muda wa kutosha, hata Mama Asimwe akiamua kuzungumza kirefu, na ninaomba azungumze kirefu. Chukua dodoso jipya, si lile lenye jibu langu. Chukua kalamu mbili. Kinyambo chako ni kizuri, hutahitaji mtu wa kukutafsiria.

Mimi nitakusindikiza hadi kwenye njia panda ya rweya. Utapanda peke yako, mimi nitabaki barabarani na begi.

Ni mimi,
Baba yako